Njia Isiyo na Watu

Mama alikuwa na swali moja kila asubuhi, kabla hata ya kuomba maji.

"Ameisha kuya?"

Alimuulizia yaya wangu, kama amekwisha kuja. Huku kwetu yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Wangu ni wa kiume, ananizidi miaka saba. Alikuwa ameondoka nyumbani Panda, mtaa wetu wa Likasi, mwaka uliopita, akaenda kuchimba kwa mkono kwenye machimbo ya mbali, ng'ambo ya Mulungwishi. Simu yake ilizimika zamani. Maneno tuliyowapa madereva wa malori yalipotelea njiani. Mama mudogo, yaani mdogo wake mama, aliyehama kutoka Kikula ili amuuguze, alijibu kila siku kwa sauti ileile: "Bado, lakini iko njiani." Mama akageuza uso na kuutazama mlango.

Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani na barua. Mama mudogo aliificha chini ya godoro, nami nikaisoma alipokwenda sokoni. Haikutaja siku. Ilisema tu kwamba apewe chakula chochote anachokipenda. Nilisoma mstari huo mara nyingi, kwa sababu mwanzoni niliudhani ni habari njema.

Jumapili moja, baada ya ibada, papa mmoja, yaani baba mtu mzima, wa kanisa letu alikuja kutuambia kwamba amemwona yaya kwa macho yake.

"Iko ku kilima moja nyekundu, kisha ya Mulungwishi," alisema. "Njia iko mbili. Ya barabara, motari anakubeba na pikipiki, nusu ya siku umefika. Lakini kuko bariere mbili, na pale banauliza mingi. Ingine inapita nyuma, mu mashimo ya zamani. Ile ni siku mbili, tatu. Hakuna muntu, hakuna maji, hakuna kitu."

"Ataenda na barabara," mama mudogo alisema.

"Nitaenda na barabara," nikasema.

Nilikuwa nimeshachagua ile nyingine.

Ni lazima nieleze, ingawa maelezo hayanisaidii. Mimi ni mtu wa haya. Mwalimu akiita majina darasani, mimi hujibu, naye huandika kwamba sipo. Nikitumwa dukani hupita mara tatu nikingoja wateja waishe. Sasa nilifikiria bariere mbili, vizuizi vya barabarani, walinzi wawili au kumi, kila mmoja akiniuliza natoka wapi, naenda kwa nani, nimebeba nini, huku dereva wa pikipiki akinisikiliza. Nikafikiria pia njia ambayo haina mtu hata mmoja. Sikupiga hesabu ya siku. Au niliipiga, nikajiambia mama ataweza kungoja siku mbili zaidi.

Jumatatu alfajiri mama aliniita kitandani. Tumbo lake lilikuwa limejaa na mikono imekwisha, kama vile tumbo ndilo limeila.

"Weye, mutoto yangu, unasemaka kama muntu anaiba maneno. Ukafika kule, usikuwe na haya. Umuite na nguvu. Akisikia jina yake, atakuya."

"Ndiyo, mama."

"Na nguvu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ona, hata sasa sikukusikia," alisema, akacheka, na kicheko kikamuumiza hadi akashika tumbo kwa mikono yote miwili.

Nilibeba mfuko wangu wa shule. Ndani yake blanketi, kiberiti, bukari, ugali wetu, iliyopoa ndani ya plastiki, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, na daftari hili. Juu nilifunga turubai ya buluu tuliyoitoa kwenye paa, upande unaovuja, kwa kuwa ilikuwa kiangazi na paa halikuihitaji. Mkononi kidumu cha lita tano cha maji. Pesa ya pikipiki niliyopewa niliisukumia ndani ya soksi. Nilitembea mpaka mwisho wa barabara ya kambi ya kiwanda ili mama mudogo anione nakwenda upande wa barabara kuu, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba za wafanyakazi.

Nyuma ya kiwanda cha zamani kuna nchi ambayo watoto wa Panda wanaijua kwa jicho tu. Miaka na miaka kiwanda kilimwaga huko masalio ya mawe yaliyosagwa, yakamwagika kama uji, yakakauka. Hakuna jani linaloota. Ni njano, halafu ni waridi, halafu ni kijivu, mpaka macho yachoke. Upepo wa mwezi wa saba unainua vumbi lake, unalirudisha chini mahali pengine. Mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha jangwa kwa picha iliyokatwa kwenye gazeti, picha ya nchi nyekundu yenye makorongo marefu, akatuambia mambo hayo yako mbali sana. Dirisha la darasa letu linatazama huku.

Mvua za miaka yote zimeyachimba masalio hayo. Zimekata makorongo ambayo mwanzoni yananifika kiunoni, kisha kichwani, kisha yanapita nyumba mbili zilizobebana. Unaingia, na mji unakwisha. Sauti za honi zinakwisha. Kuta zina mistari, mstari juu ya mstari, kila mmoja na rangi yake, kwa sababu kila msimu kiwanda kilimwaga kitu tofauti. Baba alifanya kazi kule ndani mpaka mapafu yake yakakataa. Nilitembea nikiwa nimeweka kiganja ukutani, nikifikiri kwamba mmoja wa mistari ile ni wa miaka yake. Sikujua upi. Kiganja kikawa cheupe.

Nitaandika ukweli hata kama ni mbaya: siku ile ya kwanza nilifurahi. Mama yangu alikuwa akifa na mimi nilikuwa nafurahi. Hakuna aliyenitazama. Nilikula viazi nikiwa nimekaa katikati ya njia, miguu nimeinyoosha. Nilipiga mluzi. Halafu nikakumbuka agizo la mama, nikaona hapa ndipo mahali pa kujifunza.

Nililiita jina la yaya. Mara ya kwanza lilitoka kama kikohozi. Nikatazama nyuma, kana kwamba kuna mtu. Nikaita tena. Mara ya nne au ya tano kitu kilifunguka kifuani na jina likatoka zima, jina lake la ubatizo, jina la baba, jina la nkambo, yaani babu yetu, yote matatu kama mwalimu anavyoyasoma. Korongo likachukua jina, likaenda nalo, likalirudisha likiwa kubwa kuliko nilivyolitoa. Sikujua kwamba nina sauti vile. Niliita mpaka koo likawasha. Nilijiambia mama angesikia.

Jioni nilifunga turubai kati ya kuta mbili, mawe juu, mawe chini. Baridi ya kiangazi huku inaingia kwenye mifupa. Nilivaa sweta mbili za shule na bado meno yaligongana, na kati ya meno kulikuwa na vumbi lenye ladha ya sarafu. Niliandika ukurasa mmoja. Nimeusoma leo. Hauna neno lolote kuhusu mama.

Siku ya pili njia ilinilipa. Korongo nililolifuata kuanzia asubuhi lilizidi kuwa jembamba, kisha likafungwa na ukuta. Ilibidi nirudi lote. Nilipopanda juu, nikitambaa, kidumu kilinitoka mkononi, kikagonga jiwe kali, na kabla sijakishika maji yalikuwa yameingia kwenye mchanga ule usioota kitu. Yalibaki kama vikombe viwili. Nilikaa nikayatazama. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mchana nilifika kwenye shimo kubwa la zamani, lile lililochimbwa na mashine siku ambazo kampuni ilikuwa na mashine. Linashuka kwa ngazi, ngazi ambazo kila moja ni ndefu kuliko mtu, na chini kabisa kuna ziwa. Maji yake ni ya buluu, safi, unaona mawe ndani. Mtoto yeyote wa Likasi akiona maji safi hivyo hanywi. Tangu udogo tunafundishwa kutafuta chura kwanza. Nilishuka mpaka ukingoni, nikalala kifudifudi, nikasikiliza. Hakuna chura, hakuna mdudu anayetembea juu ya maji, hakuna hata ukoka. Midomo ilikuwa imepasuka, na maji yalikuwa pale, karibu na pua yangu, mazuri. Nikapanda tena ngazi zote.

Niliyapata ya kunywa jua likianza kushuka. Kwanza nilipita ufa wa mwamba uliokuwa na vijiua vidogo vya zambarau, vile vinavyopenda udongo wa shaba, nikayaacha maji yake. Lakini mbele zaidi udongo ulibadilika, vijiua vikaisha, nyasi zikaanza, na ndani ya dimbwi la kijani lenye harufu kulikuwa na vyura watatu. Nilikunywa nikiwa nimefunga macho. Nusu ya siku ilikuwa imekwenda kwa kutafuta maji yale.

Kutoka kwenye ukingo ule niliiona Mulungwishi, miti yake mikubwa na mabati ya misheni, na upepo ulinibebea vipande vya wimbo, wanafunzi wakifanya mazoezi. Kuna familia ya kanisa letu inayokaa pale. Wangenipa chakula, wangenipa mtu wa kunisindikiza. Ningelazimika kupiga hodi, kueleza mimi ni mtoto wa nani, kukaa sebuleni. Nikafunga turubai yangu kwenye korongo la mwisho, nikala karanga, nikalala na njaa. Niliona hiyo ni ushujaa.

Machimbo niliyafikia asubuhi ya tatu. Kilima kilikuwa chekundu kweli, kimetobolewa kote, kila tundu na plastiki yake juu na kamba yake. Watu walikuwa wengi kama soko. Waliopanda na magunia walinipita bila kuniona, na hilo lilinifaa. Nilimuuliza mmoja, kwa sauti yangu ya dukani. Nilitaja jina la yaya. "Shijue," alisema, akapita. Wa pili hakunisikia. Wa tatu alinitazama vibaya, akaniambia niende.

Mwishowe nilimkuta mama mmoja anayekaanga mikate ya mafuta pembeni, akaniita yeye mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya sufuria yake muda mrefu bila kusema.

"Unanunua ao unalinda moto yangu?"

Nikamwambia namtafuta yaya wangu. Nikataja jina.

"Hapa hatujue ile majina. Anafanana namna gani?"

"Murefu. Iko na kovu hapa ku kidevu. Akicheka, anafunika kinywa na mukono."

Akageuza mkate. "Kuko mumoja vile. Shimo ya mwisho kule juu, pembeni ya muti yenye iliungua. Lakini iko chini tangu jana. Ngojea benye kamba bakule, kisha ubaulize polepole. Umesikia?"

Nilisema nimesikia. Nilikwenda.

Wenye kamba walikuwa wawili, mzee mmoja na kijana, wamekaa kivulini wakila kutoka sahani moja. Kazi yao ni kuvuta magunia na watu. Nilipaswa kuwasalimia, kukaa, kungoja wamalize, kueleza. Nilisimama nyuma ya mti ulioungua nikitunga sentensi ya kwanza. Niliitunga, nikaibadilisha, nikaitunga. Hawakumaliza kula. Mlango wa shimo ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu, mdogo, mweusi, na yaya wangu alikuwa ndani yake. Nikafikiri: kwa nini niombe watu, na mama amenieleza la kufanya? Nimejifunza. Ninaweza.

Nikaenda, nikapiga magoti. Hewa ya baridi ilinipanda usoni, kama pumzi ya mtu aliyelala. Nikaita. Jina la ubatizo, jina la baba, jina la nkambo. Sauti ilitoka kubwa, nzuri, ile ya korongo. Nikaita mara ya pili. Chini kulikuwa na mlio wa chuma kwenye jiwe, mdogo sana, tik, tik. Nilipoita mara ya tatu, mlio ule ukakatika.

Sahani ilianguka nyuma yangu.

"Nani ameita? Nani ameita jina?"

"Ni huyu! Huyu mutoto!"

Mzee alinishika shingo ya sweta akanivuta mbali na shimo hadi viatu vyangu vikachora mistari. Kijana alikimbilia kamba, akaishika bila kuivuta, akisikiliza. Hakuna kitu kilichotikisika.

"Unaita muntu ku shimo na jina ya nyumba?" mzee alisema. Mate yake yalikuwa na bukari. "Unataka kumuua? Nani alikutuma?"

Watu walianza kukusanyika, na kila uso mpya ulinizidishia haya. Nilitaka kusema: mama yangu ni mgonjwa, anamtaka mtoto wake, huyo mliye naye chini ni yaya wangu. Sentensi nzima ilikuwa tayari. Likatoka neno moja.

"Mama."

"Mama yako njo alikutuma umuite?"

"Ndiyo."

Kijana aliiacha kamba akarudi nyuma hatua mbili. Mzee akatema mate kando ya mguu wangu.

"Bulozi," alisema. Na uchawi ukishatajwa machimboni, hakuna anayeuliza swali la pili.

Alinipiga kofi moja tu. Wengine walinisukuma mpaka chini ya kilima. Mfuko wangu ulirushwa nyuma yangu, kidumu kikateremka chenyewe kikirukaruka, na mtoto mmoja akacheka. Mama wa mikate alinifuata akiwa na kijiko mkononi.

"Sikukuambia ungojee? Ulifanya nini?"

"Nilimuita."

"Na jina gani?"

Alinikalisha nyuma ya kichuguu, mahali ambapo hawakuniona.

"Sikia, mutoto. Hapa kila muntu iko na jina ya shimo. Jina ya nyumba banaiacha ku nyumba. Muntu akiitwa na jina ya nyumba pale ku mulango ya shimo, banasema ni mulima njo inamuita. Mwenye kusikia jina yake hajibu. Anazima taa, ananyamaza, mpaka ipite."

"Na akijibu?"

"Akijibu, hatoke tena."

"Lakini ilikuwa mimi."

"Yee atajua namna gani? Kule chini, mulima inasemaka na sauti yenye inataka." Alinitazama alama ya kofi shavuni. "Mama yenu iko na nini?"

Nikamwambia. Kwake yeye peke yake niliweza kumaliza. Akasema atamngoja yaya atoke, atamwita kwa jina lake la shimo, atamleta hapa kwenye kichuguu. Nisisogee.

Sikusogea. Nilikaa mpaka jua likapita kichwa. Barabara ya malori ilikuwa mbele yangu, na lori moja likapita likiwa na magunia na watu juu yake, kumi au zaidi, wamebeba kamba zao. Mmoja wao alikuwa amejifunika koti kichwani, kama mtu anayezuia vumbi. Nililitazama lori lile mpaka likapinda. Sikuwaza lolote.

Mama wa mikate alirudi akitembea polepole, nikajua.

"Batu ya ile shimo bametokea ku shimo ingine, ngambo. Chini njia zinakutanaka. Banasema shimo imeharibika, habarudie tena. Bamepanda lori, banaenda upande wa Kolwezi." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nilikimbia, nikapunga mukono. Hakutazama. Alifunika kichwa na koti."

Nilirudi kwa barabara. Pesa ilikuwa bado kwenye soksi. Kwenye bariere ya kwanza mlinzi, mtu mnene mwenye kikohozi, alimsimamisha dereva wangu wa pikipiki, akaniona shavu.

"Mudogo, ulikuwa unatafuta nani kule?"

Nikamwambia, yaya wangu.

"Ulipita wapi? Sikukuona. Ungepita hapa ningekuambia jina yake ya shimo. Bote banatuachia majina mbili, ili shimo ikianguka tujue ni mutoto wa nani." Akafungua daftari kubwa juu ya meza ya mbao, kidole chake kikashuka mistari. "Huyu?"

Lilikuwa jina la yaya, kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi zake zinazolala. Kando yake, jina lingine, la ndege mmoja mdogo tuliyekuwa tukimwinda kwa manati nyuma ya kambi. Ningeweza kulikisia, kama mtu angenipa siku moja ya kukisia.

Njia nzima ilichukua nusu ya siku, kama papa alivyosema. Nilifika nyumbani kabla ya giza.

Mama alikuwa hai. Nimeandika hilo kwa sababu wakati mwingine najidanganya kwamba nilichelewa. Sikuchelewa. Alisikia hatua zangu akafungua macho na kutazama nyuma yangu, mlangoni, muda mrefu.

"Ulimuona?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimuita?"

"Nilimuita."

"Na nguvu?"

"Na nguvu, mama. Mara tatu."

"Akasema nini?"

Mama mudogo alikuwa amesimama na bakuli la uji. Alinitazama shavu, akatazama viatu vyangu vyeupe kwa vumbi ambalo haliko barabarani.

"Anakuya," nikasema.

Mama akafumba macho. Nje, kwenye jiko la makaa, nilimwambia mama mudogo kwamba nilipita njia ya nyuma, nikapotea kwenye mashimo ya zamani, sikufika. Hakunigombeza. Alipuliza makaa. "Ulifanya muzuri kumudanganya," alisema. Nikamwacha afikiri hivyo, kwa sababu uongo wa pili ulikuwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Alikufa siku ya pili, asubuhi, saa ya swali lake. Hakuliuliza. Alikuwa amelala amegeukia mlango na hatukuweza kumgeuza vizuri baadaye.

Yaya alikuja baada ya wiki tatu. Mtu fulani alimpa habari Kolwezi, kwenye maegesho ya malori, kama mtu anavyotoa habari ya mechi. Aliingia uani akiwa na koti lile, akakaa chini kwenye udongo, kiatu kimoja amekivua, sijui kwa nini kimoja. Mama mudogo alilia upya kwa ajili yake. Akamwambia kwamba nilitumwa, kwamba nilipotea.

Yaya akanivuta, akaweka kichwa changu kwenye bega lake. Alinuka moshi na mafuta ya lori.

"Usilie juu ya ile njia, mudogo. Hata bakubwa banapotea mule. Si makosa yako."

Nilikuwa nimefungua kinywa. Nakumbuka hilo, kilikuwa wazi, na sauti ilikuwepo. Akasema tena, "Si makosa yako," nikakifunga.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Mimi nilikuwa benchi la pili. Alieleza jinsi siku moja, akiwa mita nyingi chini ya ardhi, alivyosikia jina lake la ubatizo likiitwa kutoka juu, na jina la baba yetu, na la nkambo, mara tatu. Kanisa likaguna.

"Na ile sauti," alisema, akifunika kinywa, lakini hakuwa akicheka, "ilikuwa sauti ya mudogo wangu. Huyu hapa. Shetani alibeba sauti ya huyu mutoto, mwenye hasemake hata na kuku! Njo pale nilijua ni bongo, ni uongo. Nilizima taa. Miguu ilikuwa inataka kupanda, bandugu. Nilikuwa karibu kujibu. Mungu akanifunga kinywa."

Watu wakasimama, wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Mama mudogo hakupiga makofi. Alikuwa amegeuka, ananitazama viatu, kisha shavu, ingawa alama ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Shimo lile halikuanguka. Nimeuliza. Watu wengine wanalichimba mpaka leo.

Mchungaji alishuka kutoka madhabahuni, akaniwekea mkono kichwani, akaomba nisimame ili kanisa lote limwone mtoto ambaye sauti yake ilitaka kutumiwa vibaya. Nikasimama. Akaniambia niseme neno moja la kumshukuru Mungu kwa ajili ya uzima wa yaya wangu. Kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa na hewa ya baridi inayopanda. Yaya alikuwa akinitazama kwa upendo.

"Amina," nikasema.

"Hatukusikia," mchungaji alisema akitabasamu, akaniletea kipaza sauti karibu na midomo. "Sema tena. Na nguvu."